Bando la Filamu Moja: The Sting au Paper Moon?

Mpwa wangu alinitumia ujumbe Ijumaa jioni: "Shikamoo mjomba. Bando limebaki la filamu moja tu. Nataka ile ya zamani ya matapeli unayoisifiaga kila siku. Inaitwaje?" Nikamwandikia jina, nikalifuta. Nikaandika jina jingine, nalo nikalifuta. Na kijana huyu ananidai. Wiki iliyopita alinilipia bodaboda, elfu tatu, nikamwambia nitamrudishia jioni. Nikaona angalau nimpe ushauri wenye maana.

Shida ni kwamba zipo mbili. Zote zilitoka Marekani mwaka 1973. Zote zinasimulia miaka ya 1930, uchumi umeanguka, watu wamepoteza kazi na mashamba, na anayekula vizuri ni mwenye mdomo mtamu. Zote zinachekesha, na zote zimejaa mbinu za kitapeli ambazo ukizitazama unajikuta umeshika mfuko wako. Moja ni The Sting ya George Roy Hill, nyingine ni Paper Moon ya Peter Bogdanovich. Nimezitazama kila moja mara nyingi kuliko inavyostahili mtu mzima mwenye shughuli zake, na bado nikiulizwa ipi bora jibu langu hubadilika kwa siku. Ila ukiniuliza uanze na ipi, hapo tunaweza kukaa tukaongea.

Tuanze na hadithi zenyewe, bila kukuharibia utamu.

Katika The Sting, Robert Redford ni Johnny Hooker, tapeli kijana wa mji wa Joliet, Illinois. Yeye na mzee wake wa kazi, Luther, wanamwibia mtu mmoja barabarani. Wanafungua kifurushi, wanakuta maelfu ya dola. Furaha yao haina siku mbili. Yule waliyemwibia alikuwa amebeba pesa za Doyle Lonnegan, bosi wa genge wa New York, mtu asiyesamehe hata senti. Luther anauawa. Hooker anakimbilia Chicago kwa Henry Gondorff, ambaye ni Paul Newman, mkongwe wa utapeli aliyejificha asikamatwe na FBI, na tunapomwona mara ya kwanza amelala sakafuni kwa ulevi. Kijana anataka kisasi. Hataki kuua, anataka kumkamua Lonnegan pesa nyingi kiasi cha kumuuma, na Lonnegan asijue kamwe kuwa amepigwa.

Paper Moon ni ndogo zaidi, na naisema hivyo kwa kuisifu. Moses Pray, anayechezwa na Ryan O'Neal, anapita kwenye mazishi ya mwanamke aliyewahi kuwa naye, huko Kansas. Pale makaburini yupo yatima wa miaka tisa, Addie. Majirani wanamtazama Moses, wanamtazama mtoto, wanasema taya zao zinafanana. Moses anakana. Anabembelezwa ampeleke mtoto kwa shangazi yake St. Joseph, Missouri, anakubali kwa sababu ameshanusa pesa: aliyesababisha ajali iliyomuua mama ana ndugu mwenye uwezo, naye Moses anamkamua ndugu huyo dola 200 kwa jina la yatima. Anatengeneza gari lake kwa hizo pesa, kisha anajiandaa kumpandisha mtoto treni. Kumbe mtoto alisikia kila kitu. Mezani mgahawani, watu wakiwa wanakula, Addie anaanza kudai dola zake 200 kwa sauti inayopanda. Basi safari yote inayofuata ni ya kulipa deni hilo.

Addie anaigizwa na Tatum O'Neal, binti wa kumzaa wa huyo huyo Ryan O'Neal. Ukijua hivyo, kila wanapotazamana kwa hasira ndani ya lile gari unaona kitu ambacho hakikuandikwa na mtu.

Anayepigwa ni nani?

Hapa ndipo filamu hizi zinapoachana njia, na kwangu hili lina uzito kuliko tuzo na majina makubwa.

Ukitazama The Sting, anayetapeliwa ni wewe. Filamu yote imejengwa kama mchezo wenyewe. Imegawanywa sura, kila sura inafunguliwa na bango lililochorwa kwa mkono kama jalada la gazeti la zamani, likitaja hatua ya utapeli iliyofikiwa. Unaonyeshwa matayarisho, unaonyeshwa chambo, unajiona uko nyuma ya pazia pamoja na wajanja. Unamcheka Lonnegan. Halafu kuna mahali fulani, na sisemi ni wapi, unagundua kwamba ulikuwa umekaa kwenye kiti kilekile alichokaa Lonnegan. Mara ya kwanza nilipoiona nilirudisha nyuma dakika kumi nzima kutafuta ni saa ngapi waliniingiza mjini. Nilipapata. Walikuwa wamenionyesha waziwazi.

Paper Moon haikufichi kitu. Mbinu zote unafundishwa hatua kwa hatua, kama mwanafunzi wa gereji. Umekaa kiti cha nyuma cha gari la Moses, ni mshirika, na baada ya nusu saa unaanza kuona aibu, kwa sababu wanaopigwa hawafanani na Lonnegan hata kidogo.

Sikiliza kazi ya Moses. Anasoma gazeti upande wa matangazo ya vifo. Anaangalia nani amefiwa na mume karibuni. Anachukua Biblia, anapiga chapa jina la mjane kwa herufi za dhahabu juu ya jalada, anabisha hodi. Yupo baba mwenye nyumba? Amefariki? Loo, pole sana mama, maana aliagiza Biblia hii kwa ajili yako, alikuwa amelipa kishika uchumba tu. Mjane anaitazama Biblia yenye jina lake, anaona kuwa marehemu alimfikiria kabla ya kufa, anatoa pesa huku analia. Niambie, hapo umeiba pesa au umeuza faraja? Filamu hailijibu swali hilo. Inakupeleka hadi nyumba ya kitajiri, ambapo Addie anadakia na kupandisha bei hadi dola 24 bila kupepesa jicho, na Moses nusura aanguke kwa mshtuko. Kisha nyumba nyingine, mjane maskini na watoto wengi, na Addie huyohuyo anasema Biblia ilishalipiwa yote. Moses anakasirika kweli. Mtoto ana dhamiri, na ana hesabu kali kuliko mwalimu wake.

Waswahili walishasema, ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Humu Musa ndiye Moses, na Firauni ana miaka tisa na amevaa ovaroli.

Ufundi wa kupiga

Kwa mpenzi wa mbinu, The Sting ni karamu. Inaanza na mchezo ambao mtu yeyote aliyekanyaga Kariakoo au stendi yoyote ya mabasi ataujua: pesa zinafungwa kwenye kitambaa pamoja na zako, unaonyeshwa namna ya kuzificha mwilini, na katika kule kuonyeshwa kitambaa kinabadilishwa. Unaondoka mbio umeshika karatasi. Mimi niliwahi kununua simu nzuri kwa bei nzuri, nikaishika, nikaijaribu, nikaiona inarudishwa ndani ya boksi, na nilipofika nyumbani boksi lilikuwa na kipande cha sabuni ya mche kilichokatwa kwa ustadi mkubwa. Sikuwahi kujua mkono uliobadilisha. Miaka kadhaa baadaye nilipoona Hooker akifanya vile barabarani Joliet, nilisimamisha filamu nikapiga makofi peke yangu sebuleni. Angalau sasa nilijua mahali pa kutazama.

Kisha ipo karata ya kwenye treni, kati ya New York na Chicago. Gondorff anaingia akijifanya mlevi, mchafu, analikosea jina la Lonnegan makusudi kila mara. Lonnegan ni mwizi wa karata mwenyewe. Anaandaa seti iliyopangwa, anajipa tisa nne. Gondorff anafungua mkono wake: jeki nne. Na Lonnegan hana la kusema, kwa sababu ili amwite mwenzake mwizi lazima aeleze yeye alijuaje karata zilivyotakiwa kutoka. Mikono inayochanganya karata kwa karibu si ya Newman, ni ya John Scarne, bingwa wa mazingaombwe na mtaalamu wa kamari. Tazama ile mikono mara mbili. Tazama mara tatu. Hutaona kitu.

Lakini moyo wa filamu ni ule mchezo mkubwa, unaotegemea waya wa telegrafu. Siku hizo watu walibashiri mbio za farasi kwenye vyumba vya kamari mbali na uwanja, matokeo yakija kwa waya. Matapeli wanakodi chumba, wanakigeuza nyumba ya kubashiri ya kifahari kwa siku chache: ubao wa matokeo, mtangazaji, makeshia, wateja waliovaa vizuri wakishika sigara. Kila mtu mle ndani ni mwenzao. Lonnegan anaambiwa kuna mtu wao Western Union anayeweza kuchelewesha matokeo kwa dakika chache, hivyo atabashiri mbio zilizokwisha kumalizika. (Ndiyo, ni Western Union hiyohiyo tunayopokelea pesa za ndugu walioko ughaibuni. Wakati huo kazi yake kubwa ilikuwa telegramu.) Anajaribu mara ya kwanza, anashinda. Anaanza kuamini.

Ukiwa na rafiki anayeweka mkeka kila wikendi, mtazame akifika hapo. Maana wale wanaouza "mechi za uhakika" kwenye makundi ya simu, ambao wanakupa ya kwanza bure ikatoka, ya pili kwa bei ndogo, ya tatu ndiyo ya kukumaliza, wanacheza mchezo huohuo wa Gondorff bila suti. Na karata tatu za mtaani zina siri ileile: wale unaowaona wakishinda ni ndugu zao. Chumba kizima cha Chicago ni meza ya karata tatu iliyopakwa rangi.

David S. Ward, aliyeandika hadithi ya The Sting, hakuyatoa hayo kichwani. Alikuwa anachunguza habari za wachomoaji kwa ajili ya kazi nyingine ndipo akakutana na ulimwengu wa matapeli wakubwa. Kulikuwa na kitabu cha mwaka 1940, The Big Con, cha David Maurer, ambaye wala hakuwa polisi. Alikuwa mtaalamu wa lugha aliyekwenda kwa matapeli kukusanya misamiati yao, akajikuta amekusanya na kazi yenyewe. Ndugu wawili wa kweli waliopiga mchezo wa waya New York mwanzoni mwa karne ya 20 waliitwa Gondorf. Maurer alipoiona filamu alishtaki, na shauri likamalizwa nje ya mahakama. Filamu kuhusu wizi ikashtakiwa kwa wizi. Sijui kama Gondorff mwenyewe angepanga vizuri zaidi.

Mbinu za Paper Moon ni za senti na dola. Ya kubadilisha noti, kwa mfano: unanunua kitu kidogo kwa noti kubwa, unarudishiwa chenji, halafu unaomba hizi ndogo zibadilishwe, unaongea, unacheka, unampa muuzaji hii unachukua ile, na yeye akihesabu baadaye anakuta imepungua asijue imepungulia wapi. Makonda na wenye maduka wanaijua sana. Ya pili ni kali zaidi. Moses ananunua kitu kwa noti ya dola 20 iliyoandikwa salamu za siku ya kuzaliwa. Anaondoka. Anakuja Addie, ananunua kwa noti ya dola 5, na akipewa chenji analia: nilitoa ishirini, nilipewa na shangazi, ameniandikia salamu juu yake. Muuzaji anafungua droo. Noti hiyo hapo, na maandishi yake. Wateja wote wanamtazama muuzaji kama mnyonyaji wa watoto.

Kwa ufundi, The Sting inashinda, sibishani. Lakini mbinu ya noti ya shangazi ndiyo niliyowasimulia watu wengi zaidi maishani mwangu, kwa sababu inaelezeka kwa dakika moja kwenye foleni.

Kuhusu kunawa mikono

Hili ndilo nililotaka kumwambia mpwa wangu na likagoma kuingia kwenye ujumbe mfupi.

The Sting inakupa adui mbaya ili ufurahi bila deni. Lonnegan ameua. Lonnegan ni mwizi wa karata. Lonnegan anaingia kwenye mtego kwa sababu anataka kuiba: anadhani yeye ndiye anayemwibia mwenye nyumba ya kubashiri. Bila tamaa yake hakuna mchezo. Kwa hiyo unatoka umefurahi, mikono safi, kama umeona haki ikitendeka. Ni utapeli uliotakaswa, na matapeli wamegeuzwa kuwa chama cha mafundi wenye heshima, wanaosalimiana kwa kugusa pua kwa kidole.

Hooker wa kweli wa miaka ile hakuwa anamsubiri Lonnegan. Alikuwa anampiga mjane.

Na Paper Moon, inayoonekana tamu, yenye mtoto mzuri na muziki wa redio, ndiyo inayokumbuka hilo. Mjane mwenye Biblia hana tamaa. Kosa lake pekee ni kumpenda marehemu. Wengi wanaiita filamu ya familia, ya kuchangamsha, nami huwa nashangaa kama tumetazama kitu kimoja. Ninacheka kuliko ninavyocheka na The Sting, lakini kicheko kinabaki na mchanga mdomoni. Huko nje ya dirisha la gari ni Kansas tambarare, barabara tupu, familia zimepakia magodoro juu ya malori. Mwaka 1933 karibu robo ya nguvu kazi ya Marekani haikuwa na ajira. Katika The Sting hali hiyo ni mapambo mazuri. Katika Paper Moon ndiyo sababu mtoto analala na kiboksi chake cha sigara chenye vitu vyote alivyobaki navyo.

Macho na masikio

The Sting ni ya rangi, rangi za kahawia na dhahabu, suti zimekatwa vizuri hadi unatamani fundi wako azione. Edith Head alipata Oscar ya mavazi kwa kazi hiyo. Sehemu kubwa ilipigwa ndani ya studio ya Universal, na inajulikana. Mitaa ni safi mno kwa mji wenye njaa. Muziki ni wa Scott Joplin, mtunzi Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka 1917, uliopangwa upya na Marvin Hamlisch. Kihistoria umekosewa: mtindo huo wa kinanda ulivuma kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1936 Chicago ilikuwa inacheza kitu kingine kabisa. Lakini kosa hilo ni miongoni mwa makosa mazuri niyajuayo. "The Entertainer", aliyoitunga mwaka 1902, ilipanda hadi nafasi ya tatu kwenye chati za Marekani mwaka 1974. Joplin hakuwahi kuona heshima ya namna hiyo akiwa hai.

Paper Moon haina rangi. Ni nyeusi na nyeupe, kwa makusudi. Bogdanovich alishauriwa na mwongozaji mkongwe Orson Welles atumie kichujio chekundu mbele ya lenzi, na mpiga picha wake László Kovács akafanya hivyo. Ndiyo maana anga ya Kansas inakuwa nzito, mawingu yanasimama kama yamechongwa. Kila kitu kiko wazi, cha karibu na cha mbali. Kuna mazungumzo marefu ndani ya gari, wawili hao wanagombana barabarani, kamera haikatwi. Mtoto wa miaka tisa amebeba yote hayo kwa pumzi moja. Muziki hakuna uliotungwa. Unachosikia ni redio ya wakati ule tu. Nawasihi msiikimbie kwa sababu ya kukosa rangi. Baada ya dakika tano hutakumbuka.

Usiku mmoja wa Oscar, tarehe 2 Aprili 1974, zilikutana. The Sting ilichukua tuzo saba, ikiwemo filamu bora, na Julia Phillips akawa mwanamke wa kwanza kupokea tuzo hiyo kama mtayarishaji. Paper Moon ilipata moja: Tatum O'Neal, miaka kumi, mshindi mdogo kuliko wote wa Oscar ya kushindaniwa hadi leo. Walimpa ya mwigizaji msaidizi. Msaidizi wa nani? Yupo karibu kila onyesho. Alimshinda hata Madeline Kahn wa filamu hiyohiyo, ambaye kama Trixie Delight, mchezaji wa maonyesho anayemnyonya Moses pesa, ana hotuba moja kilimani ya kumbembeleza Addie inayoanza kwa uongo mtupu na kuishia kwenye ukweli unaochoma. Hotuba hiyo pekee ningeitolea bando.

Neno moja kuhusu watu weusi ndani yake, maana tunaona. Luther wa The Sting, anayechezwa na Robert Earl Jones, baba wa James Earl Jones, ni mwenye utu kuliko wote, kisha anakufa mapema ili hadithi ipate petroli. Imogene wa Paper Moon, kijakazi wa Trixie, anatukanwa na kuminywa mshahara, lakini ana akili yake na mipango yake. Yeye na Addie wanapanga njama ya kumng'oa Trixie, na ndiyo njama safi kuliko zote za Moses. Hadi anaondoka, nilitamani filamu imfuate yeye.

Sasa uchague

Kama mko wengi sebuleni, mkeka wa watu sita, karanga na soda, chukua The Sting. Inataka kelele, inataka mtu wa kusema "subiri, subiri". Ila simu ziwekwe mbali kwa saa mbili na dakika tisa zote, na weka maandishi ya tafsiri chini hata kama Kiingereza chako kiko sawa, maana wanaongea haraka na kwa lugha ya wezi wa zamani. Anayeingia jikoni kupakua wali akirudi atauliza huyu nani, na huo ndio mwisho wa amani. Muhimu kuliko yote: usiitazame pamoja na mtu aliyekwisha kuiona. Atatabasamu mahali pabaya.

Kama uko peke yako, au wewe na mzazi, au wewe na binti yako aliyeanza kukujibu, chukua Paper Moon. Dakika 102. Hadithi inafuatika hata ukikosa neno hapa na pale. Kwa watoto tahadhari kidogo: Addie anavuta sigara na kutukana kama utingo, na kuna chumba cha hoteli ambacho kitakulazimisha kujibu maswali. The Sting nayo ina damu na wacheza uchi nusu. Hakuna iliyo ya katuni.

Kama unajua kuwa utaitazama mara moja tu maishani, The Sting. Kama ni ya kurudia, Paper Moon, kwa sababu ile ya kwanza ukishaijua siri yake unabaki kuhusudu ufundi, wakati hii ya pili haina siri ya kuisha. Kila mwaka nikiirudia deni la dola 200 linamaanisha kitu kingine.

Na kama yote haya yamekuchosha na unataka kucheka tu, ipo Dirty Rotten Scoundrels ya 1988, Michael Caine na Steve Martin wakinyang'anyana mabwege wa kike kwenye pwani ya kusini mwa Ufaransa. Kinyume chake, ukitaka matapeli wasiopakwa sukari hata kidogo, The Grifters ya 1990 itakunyima usingizi. Lakini kaa mbali na mwendelezo wa The Sting uliotoka mwaka 1983, bila Newman wala Redford. Huo ndio utapeli halisi.

Nilimwandikia mpwa wangu: chukua Paper Moon, ni fupi, bando litatosha. Nikadhani nimemaliza. Saa tano usiku simu ikalia, ujumbe wa sauti, na nyuma yake nikasikia muziki wa mwisho wa filamu unaishia. Akasema kwa sauti ya polepole, ya mtoto aliyekaa mgahawani mbele za watu:

"Mjomba. Nataka elfu tatu zangu."